Kupanga Mwalo na Soko kwa Ajili ya Usalama: Somo kwa Wakaaji wa Ufuko wa Mweru

Watu wengi hudhani kwamba usalama wa mahali hutegemea idadi ya askari waliopo hapo. Askari wana kazi yao, lakini mpangilio wa mahali huwatangulia: ukuta umejengwa wapi, mti umepandwa wapi, mlango umeelekea upande gani, taa inamulika nini. Katika somo hili tutaitazama elimu ya kupanga maeneo ya umma kwa usanifu wa majengo na wa mandhari, nasi tutaitumia mahali tunapopajua sote, yaani ufuko wa Ziwa Mweru kutoka Nchelenge hadi Kashikishi.

Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs, aliyekuwa akiishi New York, alitoa kitabu kilichodai kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya watu wanaoutumia: mwenye duka, mama aliye dirishani, mpita njia. Miaka 10 baadaye mtaalamu wa elimu ya jinai, C. Ray Jeffery, akaipa fikra ya namna hiyo jina la kuzuia uhalifu kwa kupanga mazingira, na mwaka 1972 msanifu majengo Oscar Newman akaongeza kwamba watu hupalinda mahali wanapopahesabu kuwa pao. Waliandika juu ya miji ya Marekani, ila msomaji wa Kiswahili hataona jambo geni. Baraza za mawe mbele ya nyumba za Lamu na Unguja zimekuwa zikifanya kazi hiyo tangu zamani. Na huku kwetu Wabemba wana insaka: paa la nyasi juu ya nguzo, pasipo kuta. Aliyeketi ndani humwona anayekuja, na anayepita humwona aliyeketi. Insaka ikizungushiwa kuta, haiwi insaka tena.

Sasa tuutazame mwalo. Wavuvi wa chisense, ambao ndio dagaa wetu, hutoka usiku na taa zao na kurejea alfajiri. Wanunuzi, ambao wengi wao ni wanawake, huwangojea ufukweni kukiwa bado giza, fedha taslimu zikiwa zimefungwa kiunoni. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na watu wa pande zote mbili hupita. Tangu mwaka 2018 wilaya yetu pia ina makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kwa ajili ya ndugu waliokimbia mapigano upande wa Kongo. Kijijini mtu hulindwa na kujulikana jina lake na ukoo wake. Mwaloni, penye wageni wengi kiasi hiki, kujuana hakutoshi, na umbo la mahali halina budi kuubeba mzigo huo.

Jambo la kwanza ni kuonekana. Vibanda vikiupa ziwa mgongo, njia inayopita nyuma yake inakuwa ya yeyote anayetaka kujificha. Vikigeuzwa vikatazama maji na njia kwa pamoja, kila mwuzaji anakuwa mlinzi bila kulipwa. Mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu isirundikwe kama boma. Iachiwe nafasi ya kupenyeza macho. Vichaka vya kando ya njia vikatwe visizidi kimo cha mita moja, na matawi ya chini ya miembe yapunguzwe hadi mita mbili kutoka ardhini, ili kivuli kibaki na macho yapite. Kukata mti mzima si dawa. Jua la mchana huwafukuza watu mahali pasipo kivuli, na mahali palipokimbiwa na watu wema hupata watu wa aina nyingine.

Taa nazo zina somo lake. Taa moja kali juu ya nguzo ndefu humpofusha aliye chini yake na kuzidisha giza la pembeni. Afadhali taa kadhaa za wastani, zilizopangwa kwa kufuata njia, ili mtu aweze kuitambua sura ya anayemjia akiwa bado hatua 15 hivi mbali naye. Tena ziwa letu halitulii mahali pamoja. Kina chake hupanda na kushuka kwa wastani wa mita 1.7 hivi kwa mwaka, kikiwa juu kabisa karibu na mwezi Mei na chini karibu na Januari. Nguzo iliyosimikwa kwenye ukingo wa Januari itasimama majini ifikapo Mei.

Vyoo hustahili neno la pekee, kwa kuwa mara nyingi huwekwa nyuma kabisa kwa kuona haya. Haya hiyo huwagharimu wanawake. Choo kiwe kando ya njia yenye watu, mlango wake uelekee wauzaji, taa iwe nje, na komeo liwe la ndani.

Wapo wanaopendekeza ukuta kuuzunguka mwalo. Kwa maoni yangu ukuta huo utamhudumia mwizi kuliko mvuvi, maana akishaingia hakuna wa nje atakayemwona. Huko Khayelitsha, karibu na Cape Town, mradi wa kupunguza ukatili kwa kuboresha mji ulifuata njia nyingine. Walijenga nyumba ndogo za ghorofa kando ya njia za waendao kwa miguu, zikionekana kutoka mbali, zenye watu wa kuzitunza usiku na mchana. Sisi hatuhitaji ghorofa. Mama auzaye vitumbuwa penye njia panda saa kumi na moja alfajiri anafanya kazi ileile, na kumhamisha kwa jina la usafi ni kuzima taa kwa mikono yetu.

Mapendekezo ya namna hii hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, iliyowekwa kisheria mwaka 2019. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliopandishwa mwaka 2022 hadi kwacha milioni 25.7 kwa kila jimbo, unaweza kuombwa kwa miradi ya jamii. Kabla ya kuandika ombi, kikundi kiende mwaloni kwa miguu, mara moja mchana na mara moja kabla ya mapambazuko. Ndani yake wawemo wanawake wanunuzi, wavuvi, mkalimani wa Kibemba na Kiswahili, na askari wa kitengo cha huduma kwa jamii. Kila mmoja aonyeshe mahali anapoharakisha hatua, na mahali hapo patiwe alama katika mchoro. Wanawake watangulie kusema.