Vinundu kwenye Mikaratusi: Mtambue Nyigu Kabla ya Kununua Miche

Wakulima wa Theta wanaonunua miche ya mkaratusi wanashauriwa kukagua kwanza mshipa wa kati wa jani, kikonyo na vitawi laini. Vinundu hapo ni kazi ya nyigu mweusi mwenye mng'aro wa buluu, mwenye urefu wa milimita 1 hivi, aliyetoka Australia na kuonekana Kenya mwaka 2002. Hamuumi mtu. Jike hutaga ndani ya jani, mara nyingi bila dume, na funza hukulia humo. Kinundu chenye tundu la duara, mwenyewe ameshatoka. Mti mkubwa huvumilia, mche hudumaa. Dawa ya kunyunyiza haimfikii funza, ni kupoteza pesa tu. Afrika Kusini ilimwachilia mwaka 2012 nyigu mwingine anayemwangamiza huyu kinunduni. Mche wenye vinundu usipandwe, uchomwe.