Kuuliza si Ujinga: Duka la Dawa Linavyoweza Kumsaidia Mkazi

Mzee wa miaka 63 anaingia kwenye duka la dawa karibu na soko. Goti limemsumbua wiki nzima. Anaomba diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo amezoea kununua, na kuweka pesa juu ya meza. Kabla ya kumpa, mfamasia anamuuliza: "Mzee, kuna dawa nyingine unazotumia nyumbani?"

Mzee anakumbuka. Anatumia dawa za presha, losatani pamoja na hidroklorothiazaidi, alizoandikiwa katika kituo cha afya. Hakuona haja ya kuzitaja, kwa sababu yeye alikuja kwa ajili ya goti.

Swali hilo linaweza kuokoa figo zake. Diklofenaki na dawa za jamii yake, kama ibuprofeni, hufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, na presha hupanda. Pia hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zikichanganywa na zile dawa mbili za presha, figo zinaweza kuumia bila mgonjwa kuhisi lolote mwanzoni. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye umri mkubwa, au anayeharisha na kupungukiwa na maji mwilini.

Katika mfano huu, mfamasia anampima mzee presha na kupata 168/98. Anampa parasetamoli badala ya diklofenaki, anamweleza asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, kisha anamwandikia kipimo kwenye karatasi na kumwomba akipeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Mzee alikuja kununua dawa, akaondoka na huduma ya afya.

Duka la dawa ni sehemu ya huduma za kaunti

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inataja waziwazi vituo vya afya na maduka ya dawa miongoni mwa huduma za afya zilizo chini ya kaunti. Usajili wa wafamasia na wateknolojia wa dawa, pamoja na leseni za maduka, husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu kwa mujibu wa Sura ya 244 ya Sheria za Kenya.

Anayehudumia kwenye duka lililosajiliwa anapaswa kuwa na mafunzo. Mfamasia husomea shahada kwa miaka mitano chuo kikuu, kisha hufanya kazi ya mazoezi kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi. Mteknolojia wa dawa husomea diploma. Wote wawili wamefundishwa jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, dawa zipi hazipatani, na dalili zipi zinahitaji daktari.

Zamani kazi yao ilionekana kuwa kusoma karatasi ya daktari na kuhesabu vidonge. Leo maduka mengi hupima presha na sukari. Tangu mwaka 2017, wakazi wameweza kununua vifaa vya kujipima virusi vya ukimwi kwenye maduka ya dawa. Njia kadhaa za kupanga uzazi pia hupatikana hapo. Kwa mkazi ambaye zahanati iko mbali, au anayerudi kutoka kazini jioni, duka la dawa ndilo mlango wa kwanza wa afya.

Vipimo: namba ina maana gani?

Presha mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, akaigundua siku ya kiharusi. Ndiyo sababu kipimo cha dakika chache kina thamani kubwa.

Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, kinamaanisha mtu anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Kikifika 180/120, hasa pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kabla ya kupimwa, mtu akae ametulia kwa dakika tano, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, na mkono uwe umeegemezwa usawa wa moyo.

Kujipima virusi vya ukimwi nako kuna kanuni. Jibu la kuonyesha maambukizi si la mwisho, na lazima lithibitishwe kwenye kituo cha afya. Aliyejiweka katika hatari ndani ya saa 72 zilizopita asisubiri kujipima. Aende kituo cha afya haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi hufaa tu zikianzwa ndani ya muda huo.

Malaria: kipimo kwanza, dozi kamili baadaye

Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Si kila homa ni malaria. Mtoto mwenye homa ya mapafu akipewa dawa ya malaria, siku tatu hupotea huku ugonjwa halisi ukizidi.

Anayethibitishwa kuwa na malaria isiyo kali hupewa dawa mseto ya AL. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kwa kila wakati. Vinne vya pili humezwa saa 8 baada ya vya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Dawa hii humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu mwili huifyonza vizuri zaidi hivyo. Kuacha vidonge vinane kwenye droo kwa sababu homa imepoa ni kuwaachia vijidudu nafasi ya kurudi.

Antibiotiki si dawa ya kila kikohozi

Kosa linalofanywa sana ni kuomba vidonge viwili au vitatu vya antibiotiki ili "kukata" mafua. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kinachotokea ni kwamba bakteria walio mwilini huonja dawa bila kufa wote, na waliobaki hujifunza kuihimili. Siku mtu huyo au jirani yake akipata maambukizi makali, dawa ile ile haitafanya kazi.

Sheria inataka antibiotiki zitolewe kwa karatasi ya daktari au mhudumu aliyeidhinishwa. Mfamasia anayekataa kuuza bila karatasi hamnyimi mteja haki. Anamlinda yeye na watoto wake.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayeharisha. Wazazi wengi huomba dawa ya "kufunga tumbo". Katika visa vingi, kinachomwokoa mtoto ni maji ya chumvi na sukari yaliyo kwenye pakiti za ORS, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya na kula. Pakiti ichanganywe na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kukisia. Mtoto mwenye damu kwenye choo, macho yaliyozama, au asiyeweza kunywa, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mahali duka la dawa linapoishia

Duka la dawa haliwezi kuchukua nafasi ya kituo cha afya. Mfamasia mzuri hujulikana pia kwa wateja anaowaelekeza kwingine. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, kupungua uzito na kutokwa jasho usiku ni dalili za kupimwa kifua kikuu, na kuendelea kununua dawa ya kikohozi ni kuchelewesha tiba. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hayalipishwi. Mama mjamzito, mtoto mchanga mwenye homa, na mtu mwenye maumivu makali ya kifua pia wanahitaji kuonwa kituoni.

Namna ya kutambua duka halali

Mkazi ana haki ya kuangalia kabla ya kununua. Cheti cha mfamasia au mteknolojia na leseni ya duka ya mwaka huo vinapaswa kuwa mahali vinapoonekana. Dawa isinunuliwe kwa mchuuzi wa barabarani, ndani ya matatu, au ikiwa imefungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo vinapaswa kusomeka kwenye pakiti. Dawa ikileta madhara, au ikionekana kuwa na kasoro, mkazi aihifadhi pamoja na pakiti yake na kutoa taarifa kwa mfamasia au kituo cha afya, ambao huifikisha kwa Bodi.

Maswali matano ya kuuliza

Kabla ya kuondoka dukani, mteja aulize:

1. Dawa hii inaitwaje, na inatibu nini?
2. Nimeze kiasi gani, saa ngapi, kabla au baada ya chakula?
3. Nitaitumia kwa siku ngapi, na nikisahau dozi moja nifanye nini?
4. Inapatana na dawa nyingine ninazotumia, zikiwemo za mitishamba?
5. Dalili gani zikitokea niache na kurudi, au niende hospitali?

Naye mteja asiye mfichaji husaidiwa vizuri zaidi. Amwambie mfamasia kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama ana presha, kisukari, vidonda vya tumbo au pumu, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Njia rahisi ni kubeba pakiti za dawa zote anazotumia, au kuzipiga picha kwa simu.

Mzee wa goti angejibu swali la mfamasia kwa "hapana" tu, angepewa diklofenaki yake na kwenda zake. Alisalimika kwa sababu mmoja aliuliza na mwingine akajibu kweli. Mazungumzo hayo hayagharimu hata shilingi, na kila mkazi anaweza kuyaanzisha mwenyewe safari ijayo anapoingia kwenye duka la dawa.