Tuliuliza Vibaya, Tukajibiwa Vizuri
Somo kwa vikundi vinavyotaka kuchunguza afya ya vijana



Viongozi wa jumuiya, walimu na akina mama wa vikundi wanatuambia kila mara, "Vijana wetu wanaharibika, njooni mtufanyie utafiti." Ombi hilo ni zuri. Lakini kuuliza nako ni kazi yenye ufundi wake, na ukiuliza vibaya utarudi nyumbani na furaha ya bure. Sisi yalitupata, kwa hiyo tuanze na kosa letu wenyewe.

KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka fomu za maswali katika shule moja ya sekondari. Juu ya kila fomu tuliweka nafasi ya jina, darasa na kijiji. Tulizigawa darasani mwalimu wa nidhamu akiwa amesimama mlangoni. Maswali yenyewe yalikuwa ya namna hii: "Je, wewe hutumia pombe, bangi au muguka?" "Je, umewahi kuwa na tabia mbaya?"

Nusu saa ilitosha. Tulipohesabu majibu tulifurahi sana. Hakuna anayekunywa, hakuna anayevuta, hakuna mwenye shida nyumbani. Tukaandika ripoti, tukaisoma mbele ya kamati, watu wakapiga makofi.

Muhula uliofuata wasichana wawili wa shule ile waliacha masomo kwa sababu ya uja uzito, na kijana mmoja akapelekwa hospitali akiwa hajijui, akitokea kwa mama mpika chang'aa. Mzee mmoja wa kamati akatuuliza, "Hawa si ndio wale malaika wenu?"

Wale vijana hawakutudanganya kwa ubaya. Tuliwauliza mbele ya mtu anayeweza kuwafukuza shule, kisha tukataka waandike majina. Sisi tungekuwa wao tungejibu vilevile.

TUNAPOSEMA AFYA, TUNASEMA NINI?

Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyotiwa sahihi 1946, linaeleza afya kuwa ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na watu, wala si kukosa ugonjwa tu. Shirika hilo huwahesabu walio na miaka 10 hadi 19 kuwa wabalehe, na wa miaka 10 hadi 24 wote kwa jumla kuwa vijana.

Maana yake ni kwamba ukienda kwa vijana na orodha ya dhambi peke yake umekwenda na nusu ya kazi. Mwaka 2003 Kenya ilishiriki katika uchunguzi wa afya ya wanafunzi uliotayarishwa na shirika hilo pamoja na wataalamu wa Marekani. Uchunguzi huo huuliza habari za pombe na sigara, lakini pia huuliza kama mwanafunzi amelala njaa, kama ana rafiki wa karibu, kama anajisikia mpweke, na kama wazazi wanajua anachofanya wakati wake wa mapumziko. Mwanafunzi hujaza karatasi mwenyewe, na jina haliandikwi.

HESABU ZA NCHI ZINATUFUNZA NINI?

Uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa Kenya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Lakini tazama tofauti: Samburu ilikuwa asilimia 50, Pokot Magharibi 36, na Nyeri na Vihiga 5. Kati ya wasichana wa umri huo ambao hawakusoma kabisa ilikuwa asilimia 38. Kwa hiyo usichukue hesabu ya taifa ukadhani ndiyo hali ya kijiji chako. Na ukiwauliza walio darasani tu, umewaacha nje wale walio hatarini zaidi.

Uchunguzi juu ya ukatili kwa watoto ulifanywa 2010 na ukarudiwa 2019. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Wanawake walihojiwa katika maeneo yao na wanaume katika maeneo mengine, ili aliyeumizwa na aliyemuumiza wasiulizwe maswali hayo hayo katika kijiji kimoja. Tena mipango ya kuwapeleka wenye shida kwenye msaada ilitengenezwa kabla. Wataalamu waliona kwamba swali lenyewe linaweza kumletea mtu hatari.

Tena kuna uchunguzi wa afya ya akili uliotolewa 2022, wa vijana wa miaka 10 hadi 17 hapa Kenya. Asilimia 44 hivi walikuwa wamepata tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12 walifikia kiwango cha ugonjwa. Mambo haya hayaonekani barabarani kama mlevi anavyoonekana.

TULIVYORUDIA

Mwaka uliofuata tulirudi shule ile ile. Safari hii tulikutana kwanza na wazazi, tukawasomea maswali yote. Waalimu walikubali kukaa nje. Wasichana walikuwa chumba chao na wavulana chao. Hakuna jina. Kila swali tulilisoma kwa sauti, wao wakiweka alama tu, kisha karatasi ikakunjwa na kutiwa ndani ya sanduku lenye kufuli. Badala ya kuuliza "Je, wewe ni mlevi?" tuliuliza, "Katika siku 30 zilizopita, ulikunywa pombe siku ngapi?"

Mwisho wa karatasi tuliacha mistari mitatu: "Kuna jambo ungependa mtu mzima alijue?"

Majibu yalitunyamazisha. Waliandika juu ya njaa, juu ya karo, juu ya baba anayepiga mama, juu ya mwendesha boda boda anayewabeba bure kisha akadai malipo mengine. Na karatasi moja, kwa biki ya buluu, ilisema: "Nimechoka kuishi. Msimwambie mtu."

KARATASI ISIYO NA JINA

Tulikaa ofisini mpaka giza likaingia. Mmoja wetu alisema twende tukalinganishe mwandiko na madaftari ya darasani, tumpate mtoto kabla hajapotea. Mwingine akasema tuliwaahidi hatutamtafuta mtu, na tukivunja ahadi hakuna mwanafunzi wa eneo hili atakayetuandikia neno la kweli tena. Wote wawili walikuwa na haki. Miaka hiyo kujaribu kujiua kulikuwa bado kosa la jinai Kenya; ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipotangaza kifungu hicho, cha 226, kuwa kinapingana na Katiba. Kijana aliyeandika vile alikuwa na sababu ya kuogopa.

Asubuhi yake tulirudi, tukaingia kila darasa na kusema maneno yale yale: "Mmetuandikia mambo mazito. Tumeyasoma na tumeyaamini. Hatutamtafuta mtu. Lakini mtu yeyote aliyechoka, au anayeogopa kurudi nyumbani, kuanzia leo muuguzi wa dispensari atakuwa katika chumba kile karibu na kanisa kila siku baada ya masomo." Tukaandika ubaoni namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Wiki ile walikuja wanne. Hatujui kama mwenye biki ya buluu alikuwa kati yao. Mpaka leo hatujui.

Jambo moja linatuuma. Muuguzi yule tulimwendea usiku ule, baada ya kusoma. Ilitupasa tuwe tumepatana naye kabla ya kugawa karatasi ya kwanza. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini asiyeyaficha lazima awe na mtu wa kumwonyesha.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

1. Jueni mnachotafuta. Msiulize jambo ambalo hamna nia ya kulifanyia kazi.

2. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu, kwa wazazi na kwa kijana mwenyewe. Akikataa aachwe, wala asiulizwe kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Kama ni utafiti rasmi, leseni hutolewa na NACOSTI.

3. Tayarisheni msaada kwanza: muuguzi, mshauri, afisa wa watoto. Kila mmoja ajue siku ya kuuliza ni lini.

4. Ulizeni kwa lugha ya vijana, jambo linaloweza kuhesabika, na kwa muda unaojulikana. Msitumie neno linalohukumu.

5. Wafuateni walio nje ya shule: wa boda boda, wasichana wa kazi za nyumbani, akina mama wachanga. Hao huwakuti darasani.

6. Msiahidi siri msiyoweza kuitunza. Karatasi isiyo na jina ni siri kamili. Lakini mtoto akikueleza ana kwa ana kwamba anaumizwa au anataka kujiua, lazima utafute msaada. Mwambie hivyo kabla hajaanza kusema.

Mkimaliza, warudishieni vijana majibu. Sisi tulisoma hesabu mbele yao, tukauliza, "Sasa tufanye nini?" Walioomba mpira walikuwa wachache kuliko tulivyodhani. Wengi waliomba uji saa nne, na mtu mzima wa kuongea naye ambaye si mwalimu wao. Uji ulianza muhula uliofuata, wazazi wakichanga mahindi. Muuguzi bado yupo katika chumba kile siku mbili kwa wiki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo letu, kijana mwenye shida anaweza kumwendea nani bila kuogopa? Taja watu, si ofisi.

2. Ni vijana gani ambao hatuwaoni kanisani wala shuleni? Tutawafikia wapi, saa ngapi?

3. Kama karatasi ya biki ya buluu ingefika mikononi mwenu, mngefanya nini usiku ule?

Jadilianeni swali la tatu kabla ya kuandika swali lenu la kwanza.