Nyaraka za Ofisi ya Mjumbe Mbele ya Mahakama

Mahakama inapotoa hati ya wito ikitaka nyaraka za ofisi ya mjumbe wa chombo cha kutunga sheria, mjumbe hawezi kuipuuza, wala halazimiki kutoa kila karatasi. Mfano wa Marekani unafafanua jambo hili.

Kwa mujibu wa Kanuni ya 8 ya Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo, mjumbe au mtumishi aliyepokea wito humwarifu Spika kwa maandishi bila ya kuchelewa, naye Spika huliarifu Baraza. Aliyeitwa hupima mambo matatu: kama Mahakama ina mamlaka ya kutoa wito huo, kama nyaraka hizo zinahusiana na shauri, na kama kuzitoa hakuvunji haki na kinga za Baraza.

Mwaka 2006 wapelelezi wa FBI walipekua ofisi ya mjumbe William Jefferson wa Louisiana, aliyekuwa akichunguzwa kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa mjini Washington iliamua kwamba wapelelezi hawakupaswa kusoma nyaraka za kutunga sheria kabla ya mjumbe kupewa nafasi ya kuzidai kinga. Hata hivyo, haikuamuru nyaraka zisizo na kinga zirejeshwe, na kesi yake iliendelea.

Hivyo basi, kinga huilinda kazi ya kutunga sheria. Haikuwekwa kuwa maficho ya uhalifu.