Matofali mepesi ya tanuri la mhunzi

SWALI: Nina tanuri dogo la kufulia visu. Je, naweza kujitengenezea matofali ya kuzuia joto, au udongo wa kawaida unatosha?

JIBU: Unaweza, ila kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya udongo. Tofali zito huvumilia moto huku likilifyonza joto lako, na mkaa unaisha kabla chuma hakijaiva. Kwa hiyo changanya udongo na unga wa mbao uliochekechwa, ujazo sawa kwa sawa. Ukichomwa, unga huungua na kuacha vitundu. Udongo wenyewe uwe na kaolini, kama ule wa Pugu, kwa sababu chuma hufuliwa kwenye nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, na udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma huweza kulainika humo. Ongeza udongo wa mfinyanzi kidogo tu, ili tofali lishikane.

Wapo watakaosema saruji ni rahisi zaidi. Ni kweli, siku ya kwanza. Lakini saruji ya kawaida hushikana kwa maji yaliyofungwa ndani yake, na moto ukiyatoa inabomoka. Pingamizi lenye uzito ni kwamba vitundu hudhoofisha tofali, na boraksi ya kuungia chuma hulila. Hilo halikwepeki, basi yaweke matofali haya nyuma, na upande wa moto uyakinge kwa tofali gumu jembamba. Yakaushe kivulini hadi yakauke kabisa, kisha yachome polepole: unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kuyapasua.