Ufunguo wa Bustani

Mtu aliyezaliwa shamba huona ajabu aambiwapo kwamba katika mji wa New York, huko Marekani, wako watu wangojao zamu ili wapate tuta moja tu la kupanda nyanya. Walakini ndivyo ilivyo. Ardhi ya mji ule ni ghali mno, na mtu wa mshahara mdogo hana hata hatua moja iliyo yake.

Kati ya mwaka 1970 na 1980 mitaa mingi ya maskini mjini humo iliharibika. Wenye nyumba walizitupa, nyingine zikaungua, nyingine zikabomolewa, vikabaki viwanja vitupu vyenye kifusi na takataka. Mwaka 1973 mwanamke mmoja, jina lake Liz Christy, pamoja na rafiki zake, walisafisha kiwanja kimoja pembeni mwa njia ziitwazo Bowery na Houston. Waliondoa kifusi, wakaleta udongo mzuri, wakafanya matuta 60 ya mboga. Mwaka uliofuata serikali ya mji ikawapangisha kiwanja kile kwa dola moja kwa mwezi. Wengine wakaiga, hata bustani zikawa mamia.

Watu wa kisiwa cha Puerto Rico, waliohamia mji ule kutafuta kazi, walijenga katika bustani zao vibanda vya mbao mfano wa nyumba za kwao. Hapo wazee walicheza dhumna, wakapiga ngoma, wakafuga na kuku.

Basi, bustani hizo huwa na ua wa waya na kufuli. Si kwa uchoyo. Pasipo ua mboga huibiwa usiku. Lakini ufunguo hushikwa na wanachama, na hapo ndipo mashaka huanza. Mkutano ukifanywa kwa Kiingereza peke yake, mama asemaye Kihispania hukaa kimya, na tuta humpita. Penye wanachama wapendao maua na utulivu, ngoma za wazee huitwa kelele. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba fulani asiingie, na hata hivyo fulani haingii. Ofisi ya mji iitwayo GreenThumb, iliyoanzishwa mwaka 1978, imeweka sharti kwamba milango iwe wazi kwa watu wote saa 20 kila juma, tangu Aprili hata Oktoba. Ni sharti jema, ingawa mtu aweza kupita mlango ulio wazi asipate wa kumkaribisha.

Mwaka 1999 wenye ufunguo na wasio nao walipatwa na hatari moja. Meya Rudolph Giuliani alikusudia kuuza viwanja zaidi ya 100 kwa mnada. Watu wakaandamana, na kabla ya mnada vyama viwili, kimoja kikiwa kimeanzishwa na mwimbaji Bette Midler, vikavinunua kwa dola zaidi ya milioni 4.

Liko na neno jingine, gumu kuliko kufuli. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha ya kuwa bei ya nyumba zilizo karibu na bustani hizo ilipanda, na katika mitaa ya maskini ilipanda zaidi. Bei ikipanda, kodi huifuata. Aliyebeba kifusi kwa mikono yake aweza kushindwa na kodi, akahama. Na yule aingiaye katika nyumba yake, aliyeuchagua mtaa kwa sababu ya bustani, akapewa ufunguo.