Somo: Biblia ya Kale Mbele ya Macho ya Vijana



Kijana wa kipaimara akiuliza, "Ni kweli Biblia ilibadilishwa?", mara nyingi hunyamazishwa. Somo hili linapendekeza njia nyingine: aonyeshwe Biblia ya kale yenyewe.

Kodeksi ya Sinai iliandikwa kwa mkono, kwa Kigiriki, juu ya ngozi za wanyama, katikati ya karne ya 4. Ndiyo nakala kongwe kuliko zote yenye Agano Jipya zima. Ilitunzwa na watawa wa Monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai, Misri. Msomi Mjerumani, Tischendorf, aliziona kurasa zake mwaka 1844, na tangu hapo zikaanza kutawanyika. Leo zimo London, Leipzig, St Petersburg na nyingine Sinai kwenyewe. London pekee inazo 694, nyingi zikiwa zimenunuliwa kutoka Muungano wa Kisovieti mwaka 1933. (Watawa walilalamikia jinsi zilivyoondoka kwao, tusiwafiche wanafunzi jambo hilo.) Mwaka 2009 taasisi nne zinazozihifadhi ziliunganisha picha za kurasa hizo kwenye intaneti, zitazamwe bila malipo.

Asiyejua Kigiriki ataona nini? Ataona maneno yaliyoshikana bila nafasi, safu nne katika ukurasa, na jina la Yesu limefupishwa kwa herufi mbili zenye mstari juu. Ataona pia masahihisho, maelfu kwa maelfu: hapa neno limefutwa, pale jingine limeongezwa pembeni. Mwalimu asiyaruke. Ni alama za watu waliorudia kusoma na kusahihisha walichonakili.

Ukurasa wa kuanzia uwe mwisho wa Marko. Injili inakoma sura ya 16, aya ya 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Kisha inaanza Luka. Vijana wafungue Biblia zao, wahesabu aya 12 zinazofuata. Baadhi ya Biblia za leo huzitia katika mabano, ingawa wachache wetu tuliwahi kujiuliza kwa nini.

Kompyuta moja na projekta vinatosha. Mtandao ukisumbua, chapisheni mapema kurasa mbili tatu mjini. Kwa wafadhili tunaomba kitu kidogo kuliko mashine mpya: katekista apewe siku mbili za kuupitia ukurasa wa Marko kabla ya darasa, na nauli yake ilipwe.